Ukuta wa Upepo wa Ukumbi wa Tufaane

Vijana wangu, nimesikia mnataka kuweka mlango wa kioo na aluminiamu pale ukumbini, na mbele yake kijumba kidogo cha kuzuia upepo, ili bibi harusi asipeperushwe shela hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Sina ugomvi. Mimi nimestaafu, funguo nimezikabidhi, na goti langu la kushoto lilishajitangazia uhuru siku nyingi. Lakini mmeniomba niandike machache juu ya kazi ya kutunza ukumbi, na mimi mtu akiniomba machache humpa gunia zima. Ndivyo nilivyofundishwa kuandika insha katika masomo ya jioni ya watu wazima, ambako nilihitimu nikiwa na mke, mtoto na usingizi.

Tuanze na huo upepo, maana ndio mnaoulalamikia. Ninyi mmezaliwa Tunduma, hamwezi kuujua vizuri. Mgeni ndiye anaujua. Upepo wa hapa ukikaza mwezi wa saba unaweza kumvua mtu soksi bila kugusa viatu. Nimeona ukiingia ukumbini kwa mlango wa mbele, ukazunguka mabenchi yote, ukachukua kofia ya mjumbe mmoja na kutoka nayo kwa dirisha la nyuma, halafu kikao kikaendelea. Kwa hiyo mnapouliza, "Babu Funguo, hivi hawa wazee wa zamani hawakuona kwamba mlango umeelekea upepo?" jibu ni kwamba waliona. Waliona mapema sana. Walijenga hata ukuta wa kuuzuia. Nitaufikia.

Kwanza kazi. Kutunza ukumbi wa chama cha kusaidiana si kufagia. Kufagia hata kuku anaweza, kwa namna yake. Kazi ni kujua watu watakaa wapi. Chama cha Tufaane kilianzishwa na watu waliofuata riziki Tunduma: wapakiaji mizigo, madereva, mafundi pancha, wakulima wa milimani Ileje wenye vibanda vya viazi, wafanyabiashara wa Kiislamu kutoka Tanga na Kigoma. Waliahidiana kwamba mwanachama akiugua atatembelewa, na akifa hataachwa barabarani. Sasa watu hao ukiwaacha wakae wanavyotaka, Wandali watajaza benchi moja, Wanyamwanga benchi jingine, watu wa pwani watabaki karibu na birika la chai. Ndani ya nusu saa kila benchi lina kikao chake kwa lugha yake, na mwenyekiti anahutubia ukuta.

Ndipo ikawekwa desturi kwamba anayekaa kulia kwako asiwe wa lugha ya nyumbani kwenu. Kuisimamia ilikuwa kazi yangu. Nilipita katikati ya mabenchi nikisikiliza. Nikisikia watu wawili wanasalimiana Kinyiha kwa raha sana, nawagusa bega. "Mzee, sogea kule kwa Alhaji." Walinuna, lakini walisogea. Wageni wetu wa Zambia nao waliingia na salamu yao ya "mulishani", nikawapanda kama mbegu, mmoja mmoja. Mjue hilo hata kwenye hivi viti vyenu vya plastiki. Viti vya plastiki vina ubaya wake: mtu anakibeba na kwenda nacho kwa ndugu yake. Benchi halibebeki kwa siri.

Jambo la pili ni sufuria kubwa. Usikubali irudi kabla hujapitisha mkono ndani, hata kama aliyeirudisha ni shemasi. Na la tatu ni karabai. Hamtalihitaji, umeme upo, na ukikatika mna simu. Mimi nilipampu karabai miaka hadi mkono wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, na fundi cherehani akanikatia mashati ya mikono miwili tofauti. Mke wangu anapinga hili, lakini yeye hakuwepo siku za vipimo.

Sasa ukumbi wenyewe. Tazameni ukuta wa mashariki, ule ambao mnataka kuupiga lipu. Mmewahi kujiuliza kwa nini mistari yake inapanda na kushuka kama mtu anayepumua? Ni kwa sababu kila aliyejiunga alileta matofali yake mwenyewe, aliyoyafyatua na kuyachoma kwao, kwa kalibu ya kwao. Ya Ileje yalikuwa marefu na membamba. Ya Mkwajuni yalikuwa mekundu kama nyanya. Ya Mbangala yalikuwa makubwa, moja ungeweza kulitumia kama kiti. Alhaji Salumu, mwenye malori, alikuwa wa Tanga na hakuwahi kufyatua tofali maishani mwake. Aliambiwa anunue. Akakataa, akavua kanzu, akakanyaga udongo mwenyewe. Yakatoka matofali yenye sura ya maandazi yaliyokaliwa na mtu.

Fundi alikuwa Mzee Kibona, Mndali wa Ileje, mwashi na seremala kwa mkono uleule. Ndiye aliyenifundisha kazi karibu yote ninayoijua. Alikuwa mpole, mfupi, anaongea kama anayepima maneno kwa rula. Yeye ndiye aliyeunganisha matofali yale ya kila ukubwa yakasimama, na hayajaanguka hadi leo. Nilipomwuliza siri, alisema, "Udongo wa katikati. Tofali fupi lipe udongo mwingi, refu lipe kidogo." Basi. Nilingoja aendelee, hakuendelea.

Na sasa nawaambia kosa la wazee wetu, ambalo nadhani hapa duniani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Tufaane kilikuwa chama cha kuzikana. Ukumbi ulijengwa kwa ajili ya misiba, kwanza na mwisho. Lakini kwetu nyumba inapojengwa hutaji kifo. Ni uchuro. Unaweza kukiita kikaja kukagua kazi. Basi watu wale walijenga ukumbi wa misiba kuanzia msingi hadi bati bila hata mmoja kutamka neno jeneza.

Nilikuwepo kwenye kikao cha mlango. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nzunda, Mnyiha, mkulima wa kahawa mwenye sauti ya ngoma. Mzee Kibona aliuliza, "Mlango uwe na upana gani?"

"Upana wa watu kupita," akasema Mzee Nzunda.

"Watu wakiwa wamebeba nini?"

Watu wakatazama viatu.

"Wamebeba vyakula," akasema mwenyekiti haraka. "Masinia."

"Na wakibeba kitu kirefu?"

"Kirefu kama nini, fundi?"

"Kirefu tu."

"Kama benchi?"

Mzee Kibona akakuna kichwa. "Haya. Tuseme benchi."

"Mabenchi utayatengenezea mlemle ndani," akasema Mzee Nzunda, naye akafuta jasho. "Tuendelee na ajenda."

Mlango ukawa mpana wa kutosha, hilo sikatai. Tatizo lilikuja baadaye, Alhaji Salumu alipodai ukuta wa upepo. Alisema vumbi la barabara linaingia kwenye chai. Mtu akamjibu kutoka nyuma, "Alhaji, vumbi ni la malori yako!" Akajibu, "Wallahi ndiyo maana nalijua tabia yake." Wakacheka, na ukuta ukapitishwa. Ulijengwa ndani ya mlango, ukimkabili anayeingia, kwa matofali yaliyobaki ya kila mtu na udongo mtupu bila saruji. Ukiingia unakutana nao uso kwa uso, unakata kushoto kwenye kijia chembamba, kisha kulia, ndipo unaingia ukumbini. Upepo ulipofika pale ulichanganyikiwa ukarudi zake Zambia. Tulijisifu sana. Watu walikuja kuutazama ukuta wetu kama wanavyotazama treni.

Msiba wa kwanza ulikuwa wa Elia, fundi pancha.

Elia alitoka Singida. Alikuwa mrefu kupita kiasi. Alibadilisha balbu bila kupanda kitu, na alipokaa chini kuziba tairi magoti yake yalikuwa juu ya masikio. Alikuwa hana ndugu hata mmoja upande huu wa nchi. Alimwoa binti kutoka Ndalambo, ambaye sote tulimwita Mama Neema, na ndugu za binti hawakuipenda ndoa ile. Kaka yake mkubwa, Simkoko, mkulima wa mahindi, hakulitamka jina la Elia. Alimwita "yule wa barabarani." Siku ya harusi alisema mbele ya watu, na Mama Neema hakusahau: "Umeolewa na mtu asiye na kwao. Siku akifa atabebwa kama gunia."

Elia akaugua, tukamtembelea kwa zamu, akafa. Ilikuwa masika, mvua haitaki mazungumzo. Mwili uliletwa kutoka hospitali ukaingizwa ukumbini ndani ya blanketi, na blanketi linapinda kona bila shida. Mzee Kibona alitengenezea jeneza mlemle ukumbini, akikimbia mvua. Likatoka jeneza refu kuliko yote niliyowahi kuona; mkisema mtumbwi siwabishii. Asubuhi mchungaji akasali, kifuniko kikapigiliwa misumari, wanaume wakainua, Mama Neema akasimama nyuma na mtoto wake. Wakaelekea mlangoni. Wakafika kwenye kijia.

Halikukata kona.

Walijaribu kuanza na kichwa, wakajaribu kuanza na miguu. Mbele vidole vya watu vilisagika ukutani, nyuma watu walikwama kwenye benchi. Alhaji Salumu, aliyezoea kuongoza malori yenye tela, alisimama mlangoni akipunga mikono. "Rudi! Rudi! Kata kulia! Sasa nyoosha!" Jeneza lilirudi, likakata, halikunyooka. Madirishani kulikuwa na nondo. Mzee Kibona alikuwa ameegemea ukuta wa kazi yake, anamtazama Mzee Nzunda. Na Mzee Nzunda anatazama dari.

"Lisimamisheni," mtu akasema. "Lisimame wima, lizungushwe, litapita."

Ni kweli lingepita. Waliobeba jeneza walianza kushika chini.

Mama Neema hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema tu, "Hapana."

Kaka yake Simkoko alikuwa nje kidogo ya mlango, chini ya turubai. Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mvua, "Wacha lisimame, dada. Si nilikwambia? Gunia husimamishwa."

Hapo ndipo kila mtu ukumbini akajua kinachogombaniwa ni nini. Si kona.

"Basi tufungue," akasema Mzee Nzunda, sauti ya ngoma imekuwa ya chungu kilichopasuka. "Tumtoe kwa blanketi alivyoingia, tumlaze tena huko nje."

Mchungaji akatikisa kichwa, lakini Mama Neema ndiye aliyejibu. "Ameshafungwa, ameshaombewa. Mtammwaga mbele ya watu kama mnatafuta kitu? Baba Neema alileta matofali hapa kama ninyi. Mlimwahidi hataachwa barabarani. Mtoeni kwa mlango."

"Na dirishani je?" akauliza mmoja, akiwa tayari anapima nondo.

"Anayetoka dirishani ni mwizi," akasema Simkoko kule nje. Mkumbuke, hakuna aliyemwuliza.

Wakamweka Elia chini juu ya mabenchi mawili. Wakabaki wamesimama. Mimi nilikuwa na funguo mkononi, na sijawahi kushika kitu kisicho na faida kama zile funguo siku ile.

Alhaji Salumu akaingia kutoka mlangoni, kanzu nyeupe imelowa hadi magotini. Akasimama mbele ya ule ukuta wa upepo, akaupapasa kama ng'ombe wa kununua. Akapata anachotafuta: tofali moja baya, limejikunja, la juu kabisa. Akalitikisa likatoka.

"Hili langu," akasema. "Ukuta niliuomba mimi, na ninaurudisha mimi. Wenye yenu, chukueni."

"Alhaji," akasema Mzee Nzunda, "ukuta mpya huu!"

"Mwenyekiti, ya kwako yale mapana pale chini. Utainama au nikuinamie?"

Mzee Nzunda akamtazama Mama Neema. Akavua koti. Akainama.

Sasa hapa ndipo ile kazi ya kuleta kila mtu tofali lake ilipoonekana maana yake. Kila mtu aliyajua yake. Mtu wa Mbangala hakugusa la mtu wa Mkwajuni. Watu walipanga mstari kama wa kupokea chai, kila mmoja anatoa la kwake, anabeba, anatoka nalo. Mzee Kibona alisimama pembeni akielekeza nani aanze ili ukuta usituangukie, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiongea sana. Yale ya marehemu mwenyewe yalikuwepo pia, kwenye mstari wa tatu au wa nne. Watu walipoyafikia wakasita. Mama Neema akampa mtoto mtu ashike, akaja akayatoa kwa mikono yake.

Ukuta ulipokwisha, upepo ukaingia wote, ule uliokuwa umezuiliwa tangu ujenzi, na deni la vumbi juu yake. Hakuna aliyejali. Wakamwinua Elia. Mlango ulikuwa mbele yao umenyooka. Alitoka amelala sawasawa kama maji kwenye beseni, akapita mbele ya pua ya shemeji yake.

Matofali tuliyapakia kwenye lori la Alhaji pamoja nasi, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuyaweka. Makaburini mvua ilipokatika Mzee Kibona akaomba maji na udongo. Akayatumia kujengea kaburi palepale. Ya Ileje, ya Mkwajuni, ya Mbangala, maandazi ya Alhaji wa Tanga, na ya Elia mwenyewe. Yakapanda na kushuka kama ukuta wenu wa mashariki.

Simkoko alilizunguka kaburi. Yeye ni mkulima, tofali analijua kwa kulitazama. Akazunguka tena. Mwisho akasema, "Mbona hakuna ya Ndalambo?"

Mama Neema alikuwa anamfunga mwanawe mgongoni. "Ya Ndalambo angeleta nani?"

Simkoko akageuka. Akaondoka na basi la mchana.

Ukuta wa upepo haukujengwa tena. Ulizungumzwa katika kila kikao hadi wazungumzaji wakaanza kufa, na walipokufa walitoka kwa mlango ulionyooka, ajenda ikajifunga yenyewe. Mzee Nzunda alitoka hivyo. Mzee Kibona alitoka hivyo, ingawa yeye alikuwa mfupi na angeweza kukata kona. Alhaji alitoka juu ya mabega ya watu wa milimani na wa pwani waliochanganyika, na benchi zao nilizipanga mimi. Ndiyo maana ukumbi wetu una baridi kuliko friji za wauza samaki wa Kapele. Kwa hiyo pigeni lipu, wekeni kioo, wekeni na zile taa zinazozunguka zinazonipa kizunguzungu. Kijumba chenu cha upepo nacho jengeni. Ila yule kijana aliyechora ramani mwambieni wazi, kwa jina lake kamili, kitu kirefu ni nini. Asione aibu. Sisi tuliona aibu kwa niaba yenu wote.

Kiangazi kilichofuata baada ya msiba ule nilikuwa nafagia mbele ya ukumbi, yaani nahamisha vumbi kutoka kwangu kwenda kwa jirani, nikaona mtu anasukuma baiskeli kupandisha kutoka stendi. Baiskeli imelemewa, gurudumu la nyuma linalia. Ni Simkoko. Kwenye karia amefunga matofali kwa kamba za mpira, madogo, ya kijivu, yamechomwa vizuri sana. Mama Neema alikuwa kwenye benchi la nje akichambua maharage ya kikao. Hakuinuka.

Mzee Kibona akatoka ndani na randa mkononi. Akayatazama yale matofali, akagonga moja kwa ukucha likalia kama kengele. "Mazuri," akasema. "Lakini umechelewa, ndugu yangu. Ukumbi umekwisha. Hatuna ukuta wa kuyaweka."

"Si ya ukumbi," akasema Simkoko. Alikuwa anafuta jasho kwa muda mrefu kuliko jasho lililokuwepo. "Nimeleta ya shemeji."

Mama Neema akamwaga maharage kwenye ungo, akajifuta mikono, akaenda akashika baiskeli upande wa pili. Wakaisukuma pamoja kuelekea makaburini, na mimi niliyekuwa na maneno kwa kila jambo nikabaki na ufagio.